Kilomita Kumi na Nane za Taratibu

Mhasibu peke yake ndiye aliyejua jina lake la kwenye kitambulisho. Kwa watu wengine wote wa taasisi ya mbegu alikuwa Taratibu, na mwenyewe alishalikubali. Akipiga honi getini na mlinzi akauliza ni nani, alijibu, "Ni Taratibu, fungua." Jina lilitokana na mguu wake wa kulia. Madereva wenzake walikanyaga mafuta kama watu wanaoua nge. Yeye aliyakanyaga kama mtu anayepanda ngazi asiyoiamini. Ukikaa naye kiti cha mbele ungeweza kunywa chai bila kujimwagia, na wakubwa kadhaa waliwahi kusinzia hapo wakakoroma, wakaja kuamka wameshafika.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mrefu, mkimya, mashati yake akiyapiga pasi mwenyewe. Alipanga chumba na sebule mtaa wa nyuma ya taasisi. Sebuleni kulikuwa na viti viwili, kimoja kimebonyea mpaka chini na kingine kizima kabisa, ingawa vilinunuliwa siku moja. Mwaka wa kumi na mbili huo alikuwa anaishi peke yake.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye chupa. Mfanyabiashara mmoja, mtu mtanashati mwenye maneno laini, alikuja kwa mkurugenzi na sanduku la vichupa vya bluu. Akaeleza kwamba hiyo ni dawa ya mafuta. Unamimina kichupa kimoja kwenye tangi, dawa inasafisha injini, inalainisha vyuma, na kuanzia hapo gari linapunguza ulaji wa mafuta kwa sehemu moja ya tano. Alikuwa na barua za shukrani za watu walioitumia, zimepangwa vizuri kwenye faili. Taasisi ilikuwa na magari thelathini na moja, na mkurugenzi alikuwa amechoka kuulizwa mafuta yanakwenda wapi. Alitaka kukubali siku ile ile.

Aliyemzuia ni mhandisi wa karakana, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, aliyetembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Hakusema dawa ni ya uongo. Alisema barua si kipimo, na kwamba yeye angependa kwanza kuona inafanya nini kwenye gari lao wenyewe, katika barabara wanazopita wenyewe. Mkurugenzi akaguna, akampa miezi mitatu.

Mhandisi akachagua pikapu moja nyeupe ya petroli, si mpya wala si kuukuu. Akapanga mzunguko wa kilomita tisini na sita: kutoka getini, barabara kuu mpaka njia panda, kisha kurudi kwa barabara ya mashamba. Kila siku ya kazi saa tatu kamili asubuhi. Nyuma mifuko minne ya mchanga, ileile. Vioo vimefungwa. Mwendo wa themanini kwenye lami. Tangi lijazwe kwenye pampu moja, gari likisimama kwenye alama moja, mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza hata tone. Wiki nne bila dawa, wiki nne na dawa, halafu gari lifanyiwe sevisi kamili na kukimbizwa tena wiki nne bila dawa, ili ijulikane nafuu inatoka wapi, kama ipo. Na njiani hakuna kusimama, hakuna kubeba mtu, hakuna kupitia mahali kusalimia.

"Nahitaji mguu usiobadilika," alimwambia Taratibu. "Nimewaangalia wote. Ni wako tu, mzee."

Taratibu alilichukua neno hilo kama mtu anayepewa medali kimyakimya. Akakabidhiwa daftari la jalada gumu, moja kwa kila mwezi, na kila siku akaandika kwa herufi kubwa: saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali ya hewa, lita zilizoingia. Wiki nne za kwanza zilikwenda bila jambo. Gari lilipata kilomita kumi nukta nane kwa lita, siku nyingine juu kidogo, siku nyingine chini kidogo, na kila siku lilirudi saa nne na dakika ishirini na mbili au tatu. Mlinzi wa getini alianza kurekebisha saa yake kwa kumwangalia yeye.

Wiki ya tano dawa ikamiminwa.

Mbele ya daraja jembamba, barabara kuu ilinyooka kilomita kumi na nane mpaka njia panda. Katikati ya kipande hicho kulikuwa na maduka manne yaliyojipanga mbali kidogo na lami, ng'ambo ya mtaro: la vifaa vya ujenzi, la simu, la kinyozi, na moja ambalo siku zote lilikuwa limefungwa kwa kufuli lenye kutu. Siku ya pili ya dawa, lile la kufuli lilikuwa wazi. Mwanamke alikuwa anaburuta cherehani kuelekea mlangoni, penye mwanga. Alisimama kupumzika, mkono kiunoni, shingo ameilaza upande, pini amezibana mdomoni.

Taratibu hakuuona uso. Hakuuhitaji. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo miaka kumi na saba.

Hakusimama. Mguu ulifuata maagizo, gari likapita kwa themanini ileile, na maduka yakabaki nyuma. Alipofika njia panda ndipo aliposikia kitu kinagonga tik, tik, tik, akagundua kwamba alikuwa amewasha taa ya kukata kona tangu kule madukani.

Siku zile za ndoa yao Taratibu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuwa akitoka nyumbani kwa wiki tatu, akirudi kwa siku nne, na katika siku nne hizo mbili alilala. Mkewe alikuwa fundi wa nguo na hakuwa mtu wa kulalamika. Alishona, alimlea binti yao, na mume akirudi alimwambia habari za wiki tatu kwa mpangilio, kama anayemsomea gazeti la zamani. Halafu mama yake mkewe akafariki. Habari ilimkuta Taratibu njiani, umbali wa siku tatu, lori limejaa. Angeweza kuomba dereva mwingine, wapo waliofanya hivyo. Yeye aliona ni vizuri kwanza amalize safari aliyoianza, afikishe mzigo wa watu, ndipo ageuze. Alifika nyumbani siku ya tisa. Waombolezaji walishatawanyika na viti vya kuazima vilisharudishwa. Mkewe alimpokea mfuko, akamtengea chakula, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe unafika salama kila mahali, isipokuwa hapa."

Hawakugombana. Baada ya mwezi mmoja alibeba cherehani na nguo zake akaenda kwa kaka yake. Mwaka ule ule Taratibu aliacha malori, akaomba kazi ya taasisi ambayo ingemrudisha nyumbani kila jioni. Akawa anarudi kila jioni, na nyumbani hakuna mtu.

Sasa, siku ya tatu ya dawa, alipovuka daraja mguu wake ulijiinua wenyewe. Sindano ya mwendo ikashuka mpaka sabini, sitini, ikatulia kwenye hamsini. Alijiambia ni mara moja tu. Kwa mwendo ule aliweza kumwona vizuri kidogo: sasa anavaa miwani, na futi ya kupimia ameitundika shingoni kama zamani. Siku ya nne ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya maduka hakuwa na sababu ya kwenda polepole, lakini hakuweza kuongeza mwendo mara moja, kwa kuwa akili ilikuwa bado kule nyuma. Ikawa kilomita zote kumi na nane, tangu daraja mpaka njia panda, anakwenda hamsini, huku malori yakimpita na kumpigia honi.

Akaanza kuishi kwa ajili ya saa tatu na dakika ishirini na tano. Aliona ubao mpya umepigwa rangi, Ushonaji na Marekebisho. Aliona siku moja amepanga vitambaa vya rangi ya ndimu, siku nyingine magauni ya shule yakining'inia kwenye kamba kama darasa lililoambiwa linyamaze. Alimwona anacheka na kinyozi, na siku hiyo nzima akamchukia kinyozi. Jioni, kwenye kiti chake kilichobonyea, alivipitia vile vipande vya sekunde sita sita kimoja kimoja, akajaribu kuviunga viwe kitu kirefu.

Unaweza kuuliza kwa nini asingeenda kwa miguu yake siku ya mapumziko, akavuka mtaro, akabisha hodi. Hilo hakulifikiria, au alilifikiria akaliweka kando. Gari lilimpa nafasi ya kupita bila kumdai ujasiri wa kushuka. Kila asubuhi alikuwa na amri ya kazi iliyomkataza kusimama, na aliishukuru.

Tangi nalo lilikuwa linahesabu. Mwisho wa wiki ya kwanza ya dawa gari lilipata kilomita kumi na moja nukta mbili. Wiki ya pili vivyo hivyo, na ya tatu pia. Haikuwa sehemu moja ya tano aliyoahidi mfanyabiashara, lakini ilikuwa kitu, na ilikuwa kitu kilekile kila siku. Mkurugenzi alifurahi waziwazi. Mfanyabiashara akaja na sanduku la pili, akampa Taratibu mkono kwa mikono yote miwili, akasema wangekuwepo madereva watano kama huyu nchi ingekuwa mbali. Madereva wenzake walianza kuulizana ni lini na wao watapata dawa. Mmoja aliapa kwamba gari lake limepata nguvu kwa kuegeshwa tu karibu na ile pikapu.

Taratibu alikuwa anajua. Amekaa nyuma ya usukani miaka thelathini na minne, na hakuhitaji mhandisi kumweleza kwamba gari linalokwenda hamsini halili sawa na linalokwenda themanini. Alijua nafuu ile imetoka wapi, kilomita kwa kilomita, tangu daraja mpaka njia panda. Akanyamaza wiki ya kwanza kwa aibu. Wiki ya pili alinyamaza kwa sababu alishanyamaza ya kwanza. Wiki ya tatu akasikia kwamba mkurugenzi anataka kutia saini mkataba wa vichupa vya mwaka mzima bila kusubiri sevisi, na usiku wake ukawa mrefu.

Ijumaa ya wiki hiyo alirudi, akajaza daftari, akaenda ofisi ya karakana bila kuitwa. Mhandisi alikuwa na daftari la mwezi uliopita limefunguliwa mbele yake, na mkono ameunyosha kupokea la mwezi huu.

"Nilikuwa nakuja kukutafuta," alisema, akilifungua la mwezi huu kando ya lile. "Hapa mwanzo unarudi saa nne na ishirini na mbili. Huku unarudi na nusu. Dakika nane kila siku. Nikafikiri saa ya gari imeharibika."

"Saa ni nzima," Taratibu alisema. "Ni mimi."

Akamweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye daraja, akirukia msiba wa miaka kumi na miwili iliyopita, akarudi kwenye hamsini na themanini. Hakumtaja mkewe kwa jina wala hakusema ni mke wake wa zamani, alisema "mama wa binti yangu." Mhandisi aliacha kuandika. Alipomaliza, ilisikika sauti ya mtu anayegonga chuma nje.

"Kwa hiyo siyo chupa," mhandisi alisema hatimaye.

"Chupa siijui, mama. Naujua mguu."

Angeweza kumkaripia. Kazi ya wiki tatu ilikuwa imekwenda na maji, na ni yeye ambaye angeingia kwa mkurugenzi kusema hivyo. Lakini alichofanya ni kuchora mstari mmoja mrefu juu ya wiki hizo tatu, akaandika pembeni: mwendo haukuwa sawa. Hakuandika kwa nini. Kisha akasema wataanza upya, na safari hii dereva asijue kitu. Asubuhi, kabla hajafika, yeye mhandisi ndiye atakayemimina au asimimine, wiki nyingine ndiyo na wiki nyingine hapana, na Taratibu ataendesha tu. Hata mtu mkweli, alieleza, akijua ana dawa kwenye tangi mguu wake unalegea kidogo bila yeye kutaka, kwa kuitakia mema.

Akamuuliza kama angependa wabadilishe njia, au apumzishwe, kazi apewe mwingine. Taratibu alikataa yote mawili haraka kuliko alivyozoea kujibu jambo lolote. Alisema ataweza themanini.

"Sawa," mhandisi alisema. Akafunga daftari. "Lakini Jumapili hatupimi, mzee."

Jumatatu alipita kwa themanini. Mwanamke alikuwa ameinamia cherehani, akainua kichwa kwa mazoea, akachelewa. Jumanne aliinua mapema zaidi. Jumatano alikuwa amesimama mlangoni kabisa, mkono juu ya miwani kukinga jua, na gari lilipompita kwa kasi, Taratibu alimwona kwenye kioo cha pembeni akigeuka kulifuata kwa macho, akizidi kuwa mdogo, mpaka kioo kikabaki na barabara tupu. Kwa hiyo wiki zile zote alikuwa ameliona gari. Wazo hilo lilimkaa kifuani kama mfupa. Alitamani mpira upasuke, redieta ichemke, ng'ombe avuke barabara, kitu chochote cha haki kinachoweza kuandikwa kwenye daftari. Gari halikuwa na tatizo.

Jumapili ya kwanza alipiga pasi shati, akalivaa, akalivua. Ya pili alimpigia binti yao, aliyeolewa mbali na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hazungumzi habari za mama kwa baba wala za baba kwa mama. Waliongea kuhusu mvua na homa ya mjukuu. Halafu akauliza, kama anayeuliza saa, mama yake yuko wapi siku hizi. Binti akamwambia, "Baba, amehama kwa mjomba, amefungua duka lake. Hajaolewa tena. Ukitaka kujua kingine, kamuulize mwenyewe."

Jumapili ya tatu alipanda basi. Alishuka madukani saa nne, akavuka lami, akavuka mtaro kwa ubao uliowekwa hapo, na alipofika mlangoni akagundua kwamba hakuwa amebeba kitu, hata mkate.

Mwanamke alikuwa anapindia suruali. Alimtazama juu ya miwani, kwa muda, bila mshtuko.

"Karibu," alisema. "Kaa hapo, sogeza hivyo vitambaa."

Akakaa. Mwanamke alimtengea maji ya kunywa. Akamaliza pindo lile mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza kama ile pikapu nyeupe ni yake. Taratibu akakubali. Yule mama akasema alidhani ni watu wa umeme wanaohesabu nguzo, kwa jinsi ilivyokuwa ikitambaa, mpaka siku moja akaona mtu wa ndani amekaaje. Hakuna mtu mwingine anayekaa hivyo kwenye usukani, kama amealikwa.

"Mbona siku hizi unapita mbio?"

"Nilikatazwa kupunguza."

Ikabidi aeleze habari ya dawa na tangi na mifuko ya mchanga. Yule mama alisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akisikiliza zamani, mikono ikiendelea kupanga vifungo kwa rangi. Alitaka kujua kama hizo chupa zinafaa. Taratibu akasema bado hawajajua. Yule mama akauliza tena, huku anaangalia vifungo, ni nini alichokuwa akifikiria alipokuwa anapunguza mwendo.

"Nilikuwa natafuta la kusema nikifika."

"Na umefika."

Taratibu aliangalia mikono yake. Alikuwa ameyaandaa maneno miaka kumi na miwili, yakiwa marefu, yenye sababu za tajiri mwenye lori na mkataba na dereva wa akiba aliyekuwa mgonjwa. Yote aliyaona hayafai. Akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Ule mzigo niliosema lazima ufike. Vilikuwa vigae vya bafuni."

Yule mama aliacha vifungo. Kwa miaka yote alikuwa amewaza kwamba labda ilikuwa dawa za hospitali, au chakula cha watu wenye njaa. Hakuwa ameuliza, na hakuwa ameambiwa.

"Vigae," alisema.

"Vya bafuni. Vingeweza kusubiri mwaka mzima. Mama asingeweza kusubiri, nawe usingeweza. Nilijua nikiwa palepale njiani, nikaendelea kwenda. Nisamehe."

Aliondoa miwani, akaifuta kwa pembe ya khanga yake, akaifuta tena. Hakulia, au kama alilia ilikuwa ni kidogo na Taratibu hakuwa anaangalia. Nje lori lilipita, cherehani ikatetemeka. Baadaye alisema kwamba alishamsamehe zamani, mwaka wa tatu au wa nne, siku moja tu akiwa anafua, na kwamba kusamehe hakukubadilisha kitu kingine chochote. Alisema hivyo kwa upole, ili asimwache na matumaini ya kuokota.

Taratibu akauliza kile alichokuja kuuliza. Hakutumia maneno mengi.

"Hapana," alisema yule mama. "Nimeshazoea. Nalala katikati ya kitanda."

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Yeye mpaka leo analala pembeni, upande wa ukutani, lakini hilo hakulisema.

Alipoinuka kuaga, yule mama alimwambia anaweza kuja siku nyingine, asije tu kila Jumapili, watu wakaanza kuwaandalia sherehe. Na akija atangulize taarifa.

Kipimo kiliendelea. Mhandisi alimimina na kutomimina kwa mpangilio aliouficha kwenye droo yake, wiki sita, na mwisho akautoa akaulinganisha na daftari. Wiki za dawa zilipata kumi nukta nane, na wiki zisizo na dawa nazo zikapata kumi nukta nane. Tofauti iliyokuwepo ilikuwa ndogo kuliko ile ya kati ya siku ya upepo na siku ya utulivu. Ndipo gari likaingizwa karakana. Tairi zote nne zilikuwa na upepo pungufu, na moja ya nyuma ilikuwa chini sana ingawa kwa macho usingeona. Breki ya kulia nyuma ilikuwa inashika wakati wote, ukigusa ringi inaunguza. Plagi zilikuwa zimekwisha, oili nzito kuliko inayotakiwa, na juu kulikuwa na keria kubwa ya chuma ambayo hakuna aliyekumbuka iliwekwa kwa kazi gani. Vyote vikarekebishwa, keria ikateremshwa. Kwa mguu uleule, mwendo uleule na mchanga uleule, gari likapata kumi na moja nukta saba.

Mhandisi aliandika ripoti ya kurasa tatu. Mfanyabiashara aliisoma akasema kwa adabu kwamba mazingira ya kipimo hayakuwa rafiki kwa bidhaa yake, akakusanya vichupa vilivyobaki, akaenda zake. Taasisi ikaweka utaratibu: kila Jumatatu asubuhi hakuna gari linalotoka kabla ya kupimwa upepo, na kila baada ya miezi mitatu breki zifunguliwe ziangaliwe. Madereva walinung'unika, wakazoea. Kwenye semina fupi mhandisi aliwaambia kwamba kati ya vitu vyote alivyovipima, kilichookoa mafuta kwa urahisi zaidi ni mwendo mdogo, na akaacha hapo. Taratibu alikaa safu ya nyuma, anaangalia kofia yake.

Alistaafu mwaka uliofuata. Walimpa saa ya ukutani na keki. Alibaki kwenye chumba kilekile, na mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara mbili, alipiga simu kwanza kisha akapanda basi.

Hakuna makubwa yaliyotokea katika safari hizo. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya yule mama yalikuwa yakichoka na yake yalikuwa bado yanaona karibu. Alipaka mafuta cherehani. Alirekebisha bawaba ya mlango. Waliongea juu ya binti na mjukuu, na siku nyingine hawakuongea, kila mtu na kazi yake, na Taratibu alipata kujua jinsi siku nzima inavyokuwa karibu na mtu huyu, kitu ambacho katika miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kukipata. Alikipata sasa, kwa saa tano tano, na kila alipokipata alijua vizuri zaidi alichokikosa.

Siku moja ya mawingu alikaa zaidi kidogo ya kawaida. Saa kumi aliinuka, akachukua mwavuli. Yule mama alikuwa na nguo ya mteja ya kumaliza. Alimwambia asalimie, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsalimia, ni mazoea tu ya kuagana. Taratibu alisimama mlangoni kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kama kuna neno. Yule mama alikuwa ameshainama.

Akavuka mtaro, akasimama kando ya lami. Basi lilichelewa. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima, manyunyu yakaanza, kinyozi akafunga, mwenye simu akafunga. Mlango wa fundi ulibaki wazi, taa imewashwa ndani, na hakutoka kuangalia kama mgeni wake ameshaondoka. Taratibu hakufungua mwavuli. Alisimama anasikiliza cherehani ikienda, ikisimama, ikienda tena, na alipoona taa za basi zinakuja kutoka upande wa njia panda, alichelewa kunyoosha mkono.